Kitunguu kimehama familia

Jumamosi nilikaa meza moja na mwalimu mstaafu, mkewe na binti yao, kwenye mgahawa mmoja pale Ipogolo. Kachumbari ilipoletwa, mwalimu aliisukumia mbali kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa.

"Mwalimu aliwahi kunywa shubiri, tumbo likamwendesha kutwa," mkewe alinieleza. "Sasa vitabu vyake vinasema shubiri na kitunguu ni familia moja, ya mayungiyungi. Basi tangu siku ile kitunguu hakiingii jikoni kwangu."

"Ni sayansi," mwalimu alisema.

"Ilikuwa, baba," alisema binti, anayesomea mimea chuoni. "Siku hizi wataalamu wamevitenganisha. Shubiri wameipeleka familia nyingine, na kitunguu nacho wamekihamishia kwingine."

Mwalimu alifikiri, akaivuta kachumbari, akajaza kijiko. Mkewe alifumba macho kama yuko kanisani. Kijiko kilipofika mdomoni, kikasimama.

"Huko kilikohamia, kiko na nani?"

Mama akakanyaga mguu chini ya meza. Ulikuwa wangu. Binti, ambaye hakukanyagwa na mtu, akajibu kwa uaminifu wote, "Na maua ya bustani, baba. Mengine yana sumu."

Kijiko kikarudi kwenye sahani.

Nina ombi dogo kwa wataalamu. Kabla hamjahamisha mmea, muulizeni kwanza mama anayepika. Mimi hadi leo nachechemea.