Usimuulize Mtu wa Pwani Kama Ana Shida

Jamani, mlioketi mkekani na nyie mnaoegemea ukuta, sogeeni! Hasa nyinyi mnaokwenda kuandika utafiti wa chuo. Mimi shule niliiona dirishani, lakini dodoso nalijua. Lilinitoa jasho.

Nakumbuka siku moja, enzi nina meno thelathini na mawili na mengine ya akiba, alikuja kijijini kwetu, ng'ambo ya mto Pangani, binti wa Kishambaa, mwanafunzi wa chuo, jina lake Anna. Alifikia kwa shangazi yangu, Bi Mwanahamisi. Anatafiti shida ya maji. Na shida ilikuwepo, mwanangu! Kisima chetu chumvi tupu: ukimtumbukiza papa mbichi, anatoka ng'onda.

Nikapewa kazi ya kumpitisha nyumba kwa nyumba. Swali lake la kwanza: "Je, una shida ya maji? Ndiyo au hapana." Nami ujana ulinipanda kichwani, nikaona haya mgeni akatutangaze huko. Kila tukipiga hodi, nasimama nyuma yake nawakonyeza majirani: msituaibishe! Na hata nisingekonyeza, mtu wa Pwani unamuulizaje shida mlangoni? Kwetu maiti ukimwambia hujambo, anakaribia kujibu sijambo. Siku nne, kijiji kizima, jibu moja: "Hapana, alhamdulillahi."

Anna kuzipitia karatasi, machozi yakamtoka. "Utangulizi wangu unasema hapa maji ni taabu, wenyewe wanasema hawana taabu. Mwalimu ataona nimezua. Nitarudia mwaka!"

Shangazi alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Akanigeukia. "Wewe, jicho lako lina nini?"

"Halina kitu, shangazi."

"Mbona nasikia linapepesa kila mlango? Mficha maradhi kilio humfichua. Umemficha mgeni maradhi yetu, dawa ataleta nani?"

Nilitamani ardhi inimeze, nayo ikakataa.

Kisha akamwambia Anna, "Na wewe mwanangu, maswali yako yanamvua mtu nguo barazani. Muulize jana maji alichota wapi, alikwenda mwendo gani. Shida itajisema yenyewe. Haya, nisomee huo utangulizi."

Anna akasoma. Ukaanza na dunia, ukaja Afrika, ukazunguka Tanzania yote. Mpaka nazi ya tatu inakwisha, bado hatujavuka mto.

"Kisima chetu kiko wapi humo?"

"Ukurasa wa nane, bibi."

"Kilete mlangoni, msomaji akiingia akikute."

Basi wanangu, ndiyo nasaha yangu hiyo. Utangulizi usimchoshe mtu njiani, mwonyeshe shida mapema. Dodoso liulize alichofanya mtu, si aibu yake. Na ukiwa mwenyeji, usimfumbe macho mgeni anayekutafutia heri. Mungu awape kalamu nyepesi, na kila mlango mtakaobisha awafungulie mwenye moyo mweupe.

Na Anna? Kesho yake tulianza upya, jicho langu nimelikaza kama la samaki. Nyumba ya kwanza kwa Mzee Kombo, mtu wa kujisikia, ananukia udi tangu barabarani.

"Shikamoo babu. Jana maji mlichota wapi?"

Mzee akafungua kinywa ajisifu. Mkewe akaropoka kutoka ndani:

"Achote wapi huyo! Unadhani udi wote huo wa nini? Leo siku ya tatu hajaoga!"