Bip ya Mama Kutoka Tchomia

Bip. Fupi, kali, kama kifaranga aliyekanyagwa. Hivyo ndivyo simu yetu ya kwanza ilivyolia, ikining'inia kwenye msumari kando ya dirisha, mahali pekee katika nyumba yetu ya mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, ambapo mtandao ulikubali kuingia. Ukiisogeza hatua mbili inakufa, ukiirudisha inafufuka. Ukubwani, mwalimu wangu wa kozi za jioni alinifundisha kwamba neno hilo ni la Waingereza, waliloliiga kutoka kwenye mlio wenyewe, kisha Wafaransa wakalichukua, nasi tukalipokea likiwa limeshachoka na safari. Nilicheka hadi somo likasimama. Limechoka? Mtaani kwetu neno hilo lilifanya kazi kuliko punda! Bip ilikuwa pikipiki ikikuambia uondoke njiani. Bip ilikuwa saa ya pasta ikimkumbusha kwamba mahubiri yamezidi. Na zaidi ya yote, bip ilikuwa kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea, ili umfikishie neno bila kulipa chochote. Vijana walibipiana kuambiana kwamba wanawazana. Shangazi alibipu mara moja kusema amefika salama. Shemeji alibipu mara saba kusema, nipigie weye, mimi sina kitu. Sheria ilikuwa moja tu, na hata mbuzi wa Mudzipela waliijua: bip haipokelewi. Ukiipokea, unakula yunite za mwenzako, lile salio dogo alilojinyima kulinunua, naye anabaki bubu huko aliko.

Nilikuwa na miaka kumi kiangazi kile, tumehamia Bunia kutoka Butembo muda si mrefu. Mama alikuwa ameuza cherehani yake, kitu pekee cha thamani tulichokuja nacho, akashuka Tchomia na simu ya kuazima kununua samaki wabichi wa ziwani. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na cherehani ya pili haikuwapo. Barafu hatukuwa nayo. Samaki akifika Bunia na asiuzwe kabla ya jua kuzama, kesho anauzwa kwa nzi. Kwa hiyo tulipanga hivi: bip moja, hakuna samaki, Mama analala kwa dada yake Tchomia kungojea mitumbwi ya kesho. Bip mbili, samaki wamepakiwa, nami nikimbie kuwaita wanawake wa mabeseni, wale wanaonunua jumla na kutembeza samaki mtaa hadi mtaa. Wanawake hao hawakuwa wa kuchezewa. Juma lililotangulia mchuuzi mmoja aliwaita, wakaacha kazi zao, wakangoja, gari likaja tupu. Tangu siku hiyo jina lake likafutwa vichwani mwao kama chaki.

Siku mbili nililinda simu ile kama askari wa ikulu, na kila siku ikaja bip moja. Nilikula nikiitazama. Nadhani hata kope sikupepesa. Siku ya tatu, saa sita za mchana, Tonton Muhindo, mdogo wake Mama, akaingia. Alikuwa amewasili juzi kutoka Butembo, kijana wa shati lililopigwa pasi na Kifaransa cha kutosha watu wanne. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu mgeni nusura atuzike. Simu ililia mara moja tu, naye akairukia kama mlinda mlango.

"Tonton, wacha! Ni bip!"

"Allô? Allô! Nani analonga?"

Nilimning'inia mkononi kwa uzito wangu wote, sikio langu likafika kwenye simu. Nikasikia upepo, vurumai ya watu, na honi ya gari. Kisha kimya. Yunite zimekwisha.

"Inakata," akasema Tonton, akiitazama simu kana kwamba imemtukana.

"Haikati! Weye umeikula! Sasa Mama atabipu na nini?"

Uso wake ulishuka. Alitoka mbio mpaka kwa kijana wa barabarani anayepigisha watu simu kwa malipo, akarudi jasho likimtiririka: simu ya Mama haipatikani. Ilikuwa bip ya kwanza kati ya mbili, au ilikuwa moja peke yake? Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini sikio halilali na njaa, na langu lilikuwa limeshakula ile honi. Madereva wa samaki walikuwa na desturi yao: wakiisha kufunga mzigo kwa kamba, wanapiga honi ndefu ili abiria wapande. Mama angekosa samaki, angekuwa nyumbani kwa dada yake, si ubavuni mwa gari linaloondoka. Nilikwenda bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Sokoni, mkubwa wa mabeseni alikuwa Mama Jozefina, mwanamke mpana mwenye sauti ya kutikisa mabati. Nikasimama mbele yake.

"Mama, samaki iko njiani."

"Umewaona?"

"Hapana, Mama. Nimesikia."

"Umesikia samaki?" Akawageukia wenzake. "Muko munasikia? Kumbe samaki ya Tchomia iko na kinywa! Walikusalimia, mutoto?"

Wakacheka hadi vilemba vikalegea. Mdomo wangu haukujua kuogopa. "Nimesikia honi kwenye simu, na Mama alikuwa hapo hapo kwenye gari."

"Honi gani? Piga tusikie."

Nikajaza mapafu hewa yote ya Ituri. "Pupu-piii-ngeeee!" Kikohozi mara mbili, filimbi, halafu kilio cha mbuzi. Kicheko kikakatika. Mama Jozefina akalishusha beseni lake taratibu.

"Ile ni gari ya Papa Chuma," akasema. "Ile honi inanitoboa masikio kila juma. Mukamate mabeseni. Lakini weye mutoto, kama umetudanganya, mama yako asituite tena hata kwa tarumbeta."

Walikuwa arobaini. Sawa, labda ishirini, lakini ishirini wa upana ule. Tuliketi pembeni mwa barabara, jua likatuchoma, likaanza kuinama. Saa tisa wakanuna. Saa kumi wawili wakasimama na kukung'uta vitenge vyao. Ndipo mlima ukalia: pupu-piii-ngeeee! Gari likatokea limetapakaa vumbi, na juu kabisa ya mzigo, kama malkia, Mama yangu. Alipouona ule msururu wa mabeseni alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kapiteni, wale sangara wa ziwani, wakubwa kuliko mimi, walishuka, na kabla jua halijaondoka kwenye mabati hakikubaki hata kipezi. Tonton alibeba mizigo hadi shati lake likasahau pasi.

Leo gari likiondoka Tchomia, wanunuzi wa Mudzipela wanatumiwa picha za samaki kabla hawajaacha kurukaruka, na Mama ana sanduku lake la barafu na wateja hadi mtaa wa Mbunya. Ni vizuri, tena vizuri sana. Anayetamani shida za zamani hakuzibeba. Ila picha huaminiwa na kila mtu, haimdai mtu ujasiri wowote. Mimi, nikiwa na miaka kumi, bila picha wala salio, nilisimama mbele ya wanawake wa Mudzipela, nao wakaninyanyukia mabeseni.