Safari Isiyo ya Msiba

Katika kampuni ile ya kutengeneza lifti, mfanyakazi aliyetaka ruhusa alikuwa na njia mbili tu: augue au afiwe. Kuugua kulitaka cheti, na daktari hatanii. Kufiwa kulitaka uso tu. Likizo ya kawaida ilikuwepo kwenye mkataba, tena imeandikwa vizuri, lakini ukiiomba unaambiwa subiri wageni wapungue hotelini, subiri shule zifunguliwe, subiri mwaka upinduke. Mwaka ukipinduka, likizo nayo inafutwa, unaanza kusubiri upya. Maana lifti ni viumbe wenye roho mbaya: hukwama pale ambapo binadamu wengine wamepumzika na kujazana ndani yake na masanduku yao.

Fundi mmoja pale alikuwa amezeeka katika kusubiri huko. Walimwita Bwana Ghorofa, kwa urefu wake na wembamba wake, na kwa kuwa ukimtafuta chini humpati. Alikuwa mpole, mchapakazi, mtu wa ndiyo bosi, na kwa maoni yangu upole wa aina hiyo ni ugonjwa, ila hauna cheti. Alikuwa na mke, mshona mapazia, na mabinti wawili. Familia hiyo ilikuwa imesafiri pamoja kumzika baba yake, kumzika mama yake, kumzika mama mkwe na kumzika mjomba wa mkewe. Basi. Hakuna safari nyingine. Picha zao zote za pamoja wamevaa nyeusi, wamesimama mbele ya nyumba za watu, macho yamevimba.

Mwaka huo binti mkubwa akapata kazi mbali, ya kuondoka mwezi wa mwisho. Nyumba nzima ilishangilia, lakini mama mtu alishangilia huku anahesabu. Akirudi, akirudi lini? Na akirudi si atakuwa na mume, na mambo yake? Alikuwa akishona pindo la pazia, mara mguu unasita kwenye cherehani, anatazama ukuta.

Ndipo ukaja mwaliko. Alikuwa amepeleka mapazia kwenye hoteli moja kubwa, na mhudumu wa mapokezi akampa kadi: njooni Jumamosi na familia, chai ya asubuhi ni juu yetu, mtaelezwa habari za klabu ya likizo. Bwana Ghorofa alisema cha bure ni ghali. Mkewe akasema, "Twende tukasikilize tu, baba watoto. Masikio hayalipiwi."

Walikalishwa kwenye meza ya duara, wakaletewa mayai na juisi, na kijana mmoja wa tai akaja kuketi nao kama mtoto wa ndugu aliyepotea siku nyingi. Alijua kazi yake. Aliwafungulia picha za vyumba, mabwawa, milima, mabustani, kisha akaeleza. Hununui nyumba, alisema, unanunua pointi. Kila mwaka pointi zako zinaingia, nawe unazitumia kulala katika hoteli yoyote ya klabu. Wiki ambayo shule zimefungwa inakula pointi nyingi. Wiki ya mvua inakula chache. Cha muhimu ni kuweka nafasi mapema.

"Mapema vipi?" Bwana Ghorofa aliuliza.

"Miezi minane, tisa hivi, mzee. Ukichelewa unakuta pazuri pamekwisha."

"Na mwaka ambao hatukwenda?"

"Unazisogeza mwaka unaofuata. Zaidi ya hapo zinapotea."

"Na ile ada ya matunzo uliyoitaja?"

"Ada iko palepale. Hoteli inafagiliwa, uwe umekuja, uwe hujaja."

Bwana Ghorofa alitikisa kichwa taratibu. Mkewe alikuwa bado anatazama picha ya bwawa, kidole kimetulia ukingoni mwa maji.

"Sasa," kijana akasema, kalamu mkononi, "ili niwashauri vizuri, niambieni mnavyosafiri. Safari yenu ya mwisho, familia yote, mlikwenda wapi?"

Mume na mke wakatazamana.

"Tulikwenda kumzika mjomba wangu," mke akasema.

"Poleni. Na kabla ya hapo?"

"Kumzika mama."

Kalamu ikasimama. Kijana akajaribu mlango mwingine. "Na kwa kawaida mnajipanga muda gani kabla ya kuondoka?"

"Tunapigiwa simu usiku," Bwana Ghorofa akasema. "Asubuhi tuko stendi."

"Mnafikia hoteli za namna gani?"

"Hoteli? Tunalala mkekani, sebuleni kwa watu. Ukienda msibani ukalale hotelini, utasemwa mpaka na maiti."

Kijana alicheka kidogo, akaona wenzake hawacheki, akameza. Akamwinamia binti mdogo, kitinda mimba wao, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anapaka siagi mkate wake wa tatu. "Haya mrembo, wewe niambie. Mama akisema kesho tunasafiri wote, wewe unasemaje?"

"Nauliza nani amekufa," mtoto akajibu.

Meza ya jirani iligeuka kutazama. Kijana wa tai, ambaye bila shaka alikuwa amefundishwa jibu la kila pingamizi, alizikusanya picha zake. Aliwaachia kadi yenye namba yake, akaenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Walirudi kwa miguu. Njiani Bwana Ghorofa alichambua jambo lile kama anavyochambua mota iliyoungua, uzi mmoja mmoja. Pointi zinataka mtu anayejua mwezi wa tatu atakuwa wapi mwezi wa kumi na mbili. Yeye hajui Ijumaa atakuwa kwenye shimo la jengo gani. Pointi ni rahisi kipindi cha mvua. Kipindi cha mvua watoto wako darasani. Shule zikifungwa ndipo hoteli zinajaa, na hoteli zikijaa ndipo lifti zinakwama. Watalipa ada ya kufagia chumba ambamo hawatalala. Na wao ndugu wamejaa kila upande, hawana shida ya mahali pa kulala. "Ni kitu kizuri," alimalizia, "lakini kwa watu wenye mwendo mwingine. Si sisi."

Alikuwa amesema kweli tupu, na mimi ningemuunga mkono mia kwa mia. Mkewe alingoja mpaka walipofika nyumbani, binti mkubwa akaenda kumwogesha mdogo wake. Hapo akaketi mbele ya cherehani bila kuiwasha.

"Yote uliyoyasema niliyajua kabla hatujatoka hapa," akasema. "Unadhani mimi ni mjinga wa kununua wiki za mvua? Nilitaka kitu kinachooza."

"Kinachooza?"

"Kisipotumika kinaoza. Kitu ambacho usipokwenda kinakuuma. Mimi ukiniahidi, siozi. Nakaa tu. Mwaka huu, mwaka ujao. Watoto nao walikaa tu, na sasa mmoja anaondoka." Akalisukuma kando pazia lililokuwa kwenye cherehani. "Nataka tutoke wanne mara moja, tumevaa rangi. Mara moja tu. Baada ya hapo nendeni mkazikane."

Bwana Ghorofa alihisi aibu kali. Alikaa chini, jambo ambalo kwake lilichukua muda, akamshika mkono. "Nitaomba wiki nzima, kuanzia Jumatano hii. Tutakwenda kwa uwezo wetu, bila pointi za mtu."

"Uombe likizo," mkewe akasema. "Sio udhuru. Uiite kwa jina lake."

"Nitaiita."

Jumatatu aliingia ofisini kwa msimamizi. Huyu msimamizi alikuwa mgeni pale, hajamaliza hata mwaka, mtu mwema mwenye haraka. Alikuwa anakula ndizi huku simu ameibana begani. "Sema, Ghorofa."

"Nilikuwa naomba wiki moja, bosi."

"Wiki? Na lile jengo la bima nani atalishika? Kuna nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Neno lilikuwa fupi na alikuwa amelifanyia mazoezi ngazi nzima. Likizo. Nataka nikakae na mke wangu mahali pazuri. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu mzima mwenzake kwamba anataka kufurahi, na ghafla likaonekana jambo la utupu, kama kuvua shati mbele ya wakwe. Neno lilipanda likafika kooni, likakwama. Mdomo, uliozoea njia moja, ukaifuata.

"Nimefiwa na mama mkwe."

Simu ilishushwa, ndizi ikawekwa. Msimamizi alisimama, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, ndugu yangu. Pole. Nenda, chukua wiki, jengo litajijua." Ilikuwa rahisi mno. Bwana Ghorofa alitoka akiwa na wiki yake, na mama mkwe wake aliyezikwa zamani, mbele ya macho yake mwenyewe, alikuwa amekufa tena.

"Wamekubali," alimwambia mkewe jioni.

"Ulisema likizo?"

"Wamekubali, mama watoto."

Furaha ilimziba mkewe masikio, hakuuliza tena. Alitafuta nyumba ndogo ya wageni kando ya ziwa, akaweka nafasi ya vyumba viwili. Alichukua kitambaa cha manjano chenye maua makubwa kilichobaki kwenye kazi ya mteja, akajishonea gauni, na binti zake kila mmoja lake. Alishona anaimba. Binti mkubwa alimwambia baba yake pembeni, "Sijawahi kumwona mama hivi," na Bwana Ghorofa akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, maana upande mwingine ulikuwa unafikiri.

Njia ya mwongo fupi. Asubuhi ya safari mabegi yalikuwa yamepangwa mlangoni, kitinda mimba amevaa kofia tangu alipoamka, mlango ukagongwa. Walikuwa ni wenzake wa kazini, wamejaa kizingitini, sura zimeinama, mmoja kabeba mfuko wa sukari. Nyuma yao lilisimama gari la kampuni. Msimamizi alikuwa mbele, kavaa koti jeusi.

"Tumeona aibu," akasema, "mwenzetu apande basi na msiba. Gari litawafikisha mpaka nyumbani kwa marehemu, na sisi tutakwenda kumzika mama pamoja nanyi."

Mkewe alitoka chumbani kwa haraka, gauni la manjano linameremeta, kiatu kimoja mkononi. "Basi limefika?" Akawaona. Watu wote wakaitazama sakafu.

"Pole sana kwa kufiwa na mama, shemeji," msimamizi akasema, akijitahidi kutoyaona maua.

Alimtazama mumewe. Hakumtazama kwa muda mrefu. Kati ya wageni alikuwepo fundi mmoja mzee, wa pekee aliyebaki katika wale waliokwenda kwenye mazishi yenyewe, yale ya kweli. Yeye alimpa mkono, akaung'ang'ania, akasema, "Pole, mama. Pole kwa yote," kisha akajifanya anatafuta leso.

Mke angeweza kusema. Neno moja tu, na mumewe angekuwa kichekesho cha kampuni nzima, pengine na kazi angeikosa. Bwana Ghorofa alilisubiri neno hilo, na nadhani moyoni alitaka lisemwe. Mkewe akasema, "Ahsanteni. Ngojeni tuvae."

Binti mkubwa alimvua mdogo wake kofia bila kueleza. Mama na mabinti wakatoka wote watatu, wamevaa nyeusi, wakapandishwa garini. Mama aliwekwa mbele pamoja na dereva, kwa heshima, aonyeshe njia ya kwao. Aliionyesha. Huko waendako hakukuwa na turubai wala jeneza, palikuwa na kaburi lililoota majani, na mumewe hakujua akifika atasema nini. Mabegi yenye nguo za ziwani yalikuwa yamepangwa miguuni pake.

Mji ulipokwisha, mkewe alianza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, kuliko alivyolia siku mama yake alipokufa kweli. Wale wanaume walimhurumia sana. Mmoja baada ya mwingine, kutoka viti vya nyuma, walimwambia pole. Bwana Ghorofa, ambaye alijua ni nini kinacholiliwa, alifungua mdomo mara mbili, akashindwa kulisema hata hilo neno pole.