Vile nilipanga kwenda kuona mawe ya Sang'alo kwa kina baba, na dereva akawa mkwe wangu

Wakuu wa huku ndani, kukhu wenu, yaani nyanya yenu, anawasalimu.

Nyuzi zenu nasomaga kila siku na miwani yangu, nacheka pekee yangu mpaka majirani wanashangaa. Leo nikasema wacha na mimi nitoe yangu.

Shule niliachia darasa la pili, kusoma najikaza lakini kuandika hapana, kwa hivyo hapa naongea tu, simu inaandika yenyewe. Ikiweka neno vibaya mnivumilie. Lakini maneno ni ya ukweli, hakuna mahali nimepaka rangi.

Haya.

Mimi ni mtu wa Kitale, Tuwan. Hii maneno ni ya zamani kidogo, wakati watu wengi walikua bado na simu za mulika mwizi, zile ndogo za tochi. Nilikua nauza mboga na omena mbele ya nyumba.

Baba yangu alizaliwa Sang'alo, huko Bungoma. Akiwa kijana wa kuchunga mbuzi, wazazi wakamtoa huko wakamleta Endebess kwa shamba ya mzungu, wakitafuta kazi. Akakulia Endebess, akazeekea Endebess, akazikwa Endebess.

Lakini kwa mdomo, Sang'alo alikua anarudi kila jioni.

Ati kuna kilima huko iko na mawe kubwa kama nyumba, imepandana moja juu ya ingine. Ati mvua ikinyesha wanaingia katikati ya mawe na mbuzi zao, hakuna tone inawagusa. Akianza hiyo hadithi hata ugali inapoa.

Mimi nikaolewa, nikazaa, nikazika mzee wangu, wajukuu wakakuja, na hiyo mawe sijawahi kuona. Na Bungoma si mbali bana! Watu wanaenda asubuhi na jioni wako kwao wanapika.

Lakini nyinyi mnajua sisi. Kwa wazee mtu anaenda kama kuna matanga. Na kila mara kukiwa na matanga huko, mimi nimejifungua juzi, ama mzee ni mgonjwa, ama mvua imeharibu barabara.

Basi mwaka huo magoti ikaanza kuuma. Hapo ndio moyo ilikosa kukaa. Nikajiuliza, wewe mama, hii magoti ikiisha kabisa, hiyo kilima utaipanda na nini?

Nikapigia Simiyu simu. Simiyu ni mtoto wa ndugu ya baba, yeye ndio alibaki Sang'alo.

"Simiyu, nataka kukuja huko."

"Ehe dada. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

Nikasikia akivuta kiti, akaketi.

"Sasa unakuja kufanya nini?"

"Kuona."

"Kuona nini?"

"Mawe."

"Mawe! Dada, mawe iko tu. Haiendi mahali."

Nikamwambia mawe haiendi lakini mimi naenda. Akacheka, lakini hakuamini. Nilisikia akiambia bibi yake kando, "Kuna kitu huyu anatuficha."

Wakuu, kupanga safari ni kazi, na mimi si mtu wa kutulia. Nilifunga begi, nikafungua, nikafunga tena. Viatu ya kanisani nikaweka, nikatoa, nikaweka raba, nikatoa. Nikienda kununua omena nasimamisha watu na maswali: wewe umefika Sang'alo? Huko kuna baridi? Maji yao ni ya kunywa? Omena ikabaki bila kuuzwa, kwa sababu akili haiko kwa biashara, iko kwa kilima na mimi bado niko Tuwan.

Gari nilikua nimepata. Jirani yangu Mama Njeri, watu wake walitoka huko Nyeri wakanunua shamba hapa Trans-Nzoia, yeye anauza viazi. Ndugu yake alikua na pickup, akasema atanipeleka.

Sasa ilikua wakati ya kuvuna mahindi. Nani atabeba kukhu akiwa anaweza kubeba mahindi? Safari ikiwa imebakisha siku moja, Mama Njeri akakuja ameshika kiuno.

"Mama Naliaka, usinikasirikie. Pickup imeenda Moi's Bridge kubeba mahindi. Haijulikani itarudi lini."

Nilikaa chini. Kuku ya kupelekea Simiyu nilikua nimeshaifunga miguu.

Nikapigia binti yangu Naliaka, karibu nilie. Alikua ameolewa hapo tu upande ingine ya Kitale. Akasema, "Mama, gari iko. Baba Faith amesema atatupeleka."

Baba Faith ni bwana yake. Mkwe wangu. Jina yake siiti, na si kwa sababu hapa ni mtandao. Hata nyumbani siiti.

Hapa wacha niwaelezee, wenye si wa kwetu.

Sisi Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hatusalimiani kwa mkono. Hatukuli pamoja. Hatuongeleshani. Tukikutana kwa njia, mmoja anaingia kwa nyasi mpaka mwingine apite. Si chuki, ni heshima. Huyo kijana alikua amekaa na Naliaka miaka mingi, amenichimbia choo, amenipeleka hospitali kwa kutuma watu, na uso yake mimi naijua kwa picha ya harusi.

Sasa niingie kwa gari yake ndogo, magoti yangu iguse kiti yake? Nikivunja hiyo, aibu haikuji kwangu pekee. Inaenda kwa nyumba ya Naliaka. Watu wa huko kwake watasema, huyu ametoka kwa mama hana adabu.

Na nikikataa, sijui magoti itaningojea mpaka lini.

Nikaanza kutembea hapo mbele ya nyumba, naenda narudi, naenda narudi. Mama Njeri ananichekea tu.

"Kwani mkwe anauma?"

"Nyinyi watu wa Nyeri mnakaa na mkwe mnatafuna nyama. Sisi hapana."

"Na ile nyama anakutumianga Krismasi, si unakula?"

"Hiyo ni nyama. Si yeye."

"Ai, Mama Naliaka! Basi kaa hapa na nyama yako, mawe ikungojee."

Hiyo ilinichoma.

Kumbe baba Faith mwenyewe alikua amefikiria. Naliaka akanipigia tena. "Mama, amesema nikuambie kesho yeye ni dereva tu. Dereva hana mama mkwe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema sawa. Lakini tufanye na adabu.

Asubuhi gari ikakuja. Naliaka alikua ameshafunga leso katikati, kati ya viti ya mbele na ya nyuma, kama pazia ya kliniki. Mimi nikaingia nyuma na kuku, Naliaka kando yangu. Yeye baba Faith alikua amesimama mbali huko kwa mti, anaangalia mawingu mpaka nikaketi. Na kioo ile ya ndani, ya kuangalia nyuma, aliigeuza ikaangalia juu.

Hapo nilimpenda huyo kijana, wakuu.

Shida ikawa moja. Mimi nikiona kitu lazima niseme! Na sasa nimekaa nyuma ya leso, sitakiwi kupiga kelele. Tukipita Kiminini nanong'oneza Naliaka, "Muulize hii ni shamba ya nani." Naliaka anamwambia, "Mama anauliza." Yeye anajibu, "Mwambie mama sijui." Na mimi nimesikia! Hivyo hivyo mpaka Kamukuywa. Naliaka akachoka kubeba maneno, akalala.

Sasa hakuna wa kubeba maneno. Nimeuma leso ya kichwa ndio nisiongee.

Tukiwa tunakaribia Misikhu, naangalia kwa dirisha, ndama inatoka kwa mahindi mbio inakuja barabarani.

"Ndama! Ndama upande yangu!"

Akakanyaga breki. Kuku ikaruka. Ndama ikapita na mkia juu.

"Nimeiona, mama. Asante."

Mungu wangu. Tumeongea!

Naliaka akaamka. "Nani ameongea?"

Baba Faith akaangalia barabara. Mimi nilikua naangalia kuku. Kutoka hapo mpaka Webuye nilikua naomba Mungu, si kwa sababu ya ndama, ni kwa kufikiria nimeharibia mtoto wangu nyumba. Ilibidi tusimame Webuye nikunywe maji. Hata maporomoko ya mto Nzoia huko mbali niliangalia kidogo tu, na ni mimi nilikua nimesema lazima tuone.

Tukafika Sang'alo. Simiyu alikua kwa barabara anatungoja, mzee na kofia yake. Kabla ya kunisalimia alizunguka nyuma ya gari akachungulia.

"Unatafuta nini wewe?"

"Naangalia kama kuna sanduku."

"Nilikuambia hakuna maiti!"

"Sasa ni kweli umekuja kuona mawe?" Akatoa kofia. Nafikiri hapo ndio aliamini.

Kilima yenyewe wakuu, ni vile baba alisema. Mawe imepandana mpaka unashindwa nani aliipanga. Tukaanza kupanda. Naliaka alikua na mimba kubwa, akabaki chini na bibi ya Simiyu. Simiyu akapanda kidogo, akaketi akasema hapo ndio mwisho wa pumzi yake.

Na mimi nikakwama. Mbele kuna mwamba, goti imekataa. Nikisimama hapo naweza kuona juu, lakini si kufika.

Baba Faith alikua mbele, mbali kidogo. Hakugeuka. Alikata fimbo ndefu kwa kichaka, akairudisha nyuma bila kuangalia, yeye ameshika mwisho moja. Ile ingine ikanifikia mkononi.

Nikaishika.

Akanivuta polepole hivyo, amenipa mgongo, mwamba moja, mwamba ingine. Mkono yake sikugusa. Uso hakuniangalia. Tukafika.

Huko juu nikaona mji wa Bungoma chini, miwa, na huko mbali mlima Elgon. Huo huo ninaonanga nikienda Endebess! Kumbe baba hakupotea kabisa. Alikua na mlima moja, alibadilisha tu upande ya kuuangalia.

Nililia kidogo. Si sana.

Baba Faith alienda kuketi nyuma ya jiwe moja kubwa. Mimi nikaegemea upande huu. Na kwa sababu kimya mimi siwezi, nikaanza kuambia hiyo jiwe hadithi. Vile baba alichunga hapa. Vile walijificha mvua. Naongea na jiwe tu.

Nikanyamaza kupumua. Nikasikia jiwe inauliza, na sauti ya adabu kabisa, "Na mbuzi zenyewe zilikua ngapi?"

"Baba alisema nyingi," nikajibu jiwe. "Lakini baba pia alikua anaongeza."

Jiwe ikacheka. Tukaongea hapo mpaka Naliaka akaanza kutuita kutoka chini.

Nyumba yake haikuharibika, wakuu. Mtoto alizaliwa salama, na mpaka leo mimi na baba Faith hatujasalimiana kwa mkono.

Kitu nilijifunza ni hii: nilifikiria heshima na safari lazima nichague moja, na si ukweli. Mtu mwenye anakuheshimu atatafuta njia ya kukufikisha. Ilibidi tu niache kuzunguka mbele ya nyumba niingie kwa gari.

Sasa na nyinyi semeni, huko kwenu mkwe na mama mkwe wanafanyanga aje? Wanaketi pamoja ama wanakimbiana kama sisi? Andikeni, nasoma yote.

Na kama wewe ni mkwe na unasoma hapa, na mama ya bibi yako akikuona anaingia kwa nyasi, usikasirike. Anakupenda sana huyo. Anakosa tu jiwe ya kupitishia maneno yake.