Mashine Haiwashwi Mpaka Ijae

Wateja wangu wote ni waongo. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa kuzoea. Mtu anakuapia kwamba mashine yake ya kufulia ilizimika yenyewe, hakuiwekea chochote cha ajabu, nawe ukiipindua inatema vifungo, pini za nywele na kijiko cha mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya mashine ni hivyo hivyo. Ndiyo maana nikiingia jikoni kwa mtu siulizi kwanza. Nafungua, naangalia, halafu nauliza nikiwa jibu ninalo mfukoni.

Kwa Bibi Ukoko ujanja huo haukufua dafu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa shule ya bweni ambako alikuwa mpishi mkuu mpaka alipostaafu. Masufuria makubwa aliyakwangua mwenyewe, akawagawia ukoko wale walioosha sahani zao zikatakata. Walioziacha na mafuta waliondoka wakimeza mate. Habari hiyo alinipa siku ya kwanza kabla hata sijatua mkoba wangu wa vifaa, akicheka kwa raha zake. Nilikuwa nimemwamkia mlangoni, akaniitikia marahaba ndefu, ya mtu ambaye hajaamkiwa siku nyingi.

Nyumba yake iko mwisho wa barabara, pale lami inapokatika. Sebuleni viti vimepangwa ukutani kama kwa daktari, kila kimoja na kitambaa chake cha kufuma, na hakuna kitambaa hata kimoja kilichokunjamana. Jikoni ndiko kwenye dalili ya mtu: redio, miwani juu ya gazeti, meza ndefu iliyosuguliwa mpaka mbao zimepauka. Na chini ya dirisha, mashine ya kuoshea vyombo.

Mwanawe wa pekee ndiye aliyeinunua, mwaka aliostaafu. Alisema mama ameosha vyombo vya watu wa kutosha, sasa apumzike. Nyumba wakati ule ilikuwa imejaa. Mumewe alikuwa hai, mwana mwenyewe bado hajahama, na watoto wawili wa dada yake walikuwa wakikaa hapo na kusoma. Mashine ilinguruma asubuhi na jioni. Baadaye mume alifariki, watoto wa dada wakaolewa, mmoja baada ya mwingine, na mwana akapata kazi katika mji mwingine, akaoa huko huko. Mashine ikabaki. Na sasa, Bibi Ukoko akaniambia, inatoa vyombo vichafu.

Akanionyesha. Sahani ina utando wa yai ukingoni, kijiko kina punje ya wali iliyokauka ikawa ngumu kama kipande cha kucha, kikombe kina duara la chai chini. Nikasema hilo ni jambo dogo. Akaniambia si dogo.

Mwanawe alipokuja kumtazama mara ya mwisho alitoa sahani kabatini ili ale, akaikuta na ukoko. Aliiosha mwenyewe, akala. Wakati wa kuaga ndipo akasema kwamba pengine umefika wakati mama ahamie kwake, kwa sababu macho yamechoka, na akili ya mtu mzima nayo huchoka bila mwenyewe kujua. Shule zikifungwa atakuja na mkewe na watoto, waangalie la kufanya.

"Mwanangu anadhani mbovu ni mimi," Bibi Ukoko aliniambia. "Mimi nataka uniambie, fundi. Ni mimi au ni hii mashine? Kama ni mimi, sema tu, nitafunga mizigo."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mashine ndizo zinazoharibika, binadamu huzeeka tu. Maneno ya fundi hayo, huwa nayo mengi.

Nikaanza na chujio la chini, kwa sababu ndilo lenye kesi katika nyumba nyingi. Nikalitoa nikitegemea kukuta kinyaa. Lilikuwa safi kiasi cha kuniaibisha, maana kwangu hata bakuli la kunawia si safi namna ile. Nikachomoa ile mikono miwili inayozunguka na kurusha maji, nikaishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Katika tundu moja kulikuwa na mbegu ya ndimu. Nikaichokoa kwa waya, nikamwekea kiganjani kama askari anayeonyesha kisu cha muuaji. Nikatangaza kwamba huyu ndiye adui, na ameshakamatwa.

Alifurahi, akanilazimisha ninywe chai. Nilipomaliza kikombe akanimiminia tena, lakini katika kikombe kingine, kipya kutoka kabatini. Nikadhani ni ukarimu wa watu wa zamani. Vile vikombe viwili aliviingiza kwenye mashine yeye mwenyewe, akavipanga juu kwa uangalifu, akarudi nyuma kidogo kuvitazama. Nikamwambia aiwashe nione inavyofanya kazi. Akasema bado, haijajaa. Nikaondoka zangu kifua mbele.

Zikapita wiki kadhaa, akapiga simu. Vyombo ni vichafu vile vile, na shule zilikuwa karibu kufungwa.

Nilikwenda nikiwa na hasira, tena hasira ya mtu aliyekwisha kujisifu. Safari hii sikuacha kitu. Niliiwasha ikiwa tupu, nikaweka sikio mlangoni, pampu ikavuma sawasawa. Nikagusa bomba, maji yalikuwa ya moto. Kifuniko cha sabuni kilifunguka kwa wakati wake. Chumvi ya mashine, ile ya kulainisha maji, ilikuwepo. Nikachungulia mikono, hakuna mbegu, hakuna hata chembe. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya mwanamke yule, jasho linanitoka, na mashine nzima kama siku ilipotoka dukani.

Nikafanya wanavyofanya mafundi walioshindwa, nikamgeuzia kibao mteja. Nikamuuliza kama huwa anakwangua mabaki kabla ya kuweka sahani ndani. Alinitazama mpaka nikajuta. Aliniambia amekwangua masufuria ambayo mimi ningeweza kuogelea ndani yake, na kama nina swali lingine la maana niulize. Nikaomba anionyeshe vyombo vyenyewe, vile vilivyotoka vichafu.

Akavipanga mezani. Sahani, vijiko, bakuli. Na mwisho vikombe viwili vyenye maua ya buluu, majani ya chai yameganda chini kana kwamba yamechorwa. Nilivitambua.

"Mama, hivi si ndivyo nilivyonywea mimi?"

"Ndivyo."

"Na umeviosha lini?"

"Juzi. Ndiyo siku mashine ilipojaa."

Nikakaa chini. Tangu siku ile ya mbegu ya ndimu vikombe vyangu vilikuwa humo gizani, vinangoja. Kumbe kile cha pili alinipa ili mashine ipate kujaa. Asubuhi moja sahani ya yai, kesho yake bakuli, keshokutwa kijiko na kikombe, na kila kimoja kinakauka, kinashika, kinakuwa jiwe. Mashine gani ingeweza? Hata yeye mwenyewe na ile mikono yake ya bwenini asingeweza bila kuloweka.

Nikamweleza. Nikasema mashine haina kosa na macho yake hayana kosa, tatizo ni kungoja. Aiwashe hata ikiwa na vyombo viwili, au aoshe sahani yake kwa mkono akishakula, ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo, akawa anakikunja na kukikunjua. Alisema huko bwenini walikuwa na sheria, moto hauwashwi wala maji hayachemshwi kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamwambia hapa si bwenini. Ndipo akasema lile lililokuwa chini ya yote.

"Nikisimama kwenye sinki nikaosha sahani moja, kijiko kimoja na kikombe kimoja, nitakuwa nimekubali kwamba nimebaki peke yangu. Nikiiweka humu, ni kama nangoja wenzangu wamalize kula."

Mimi kwangu tuko sita na sinki halijawahi kuwa tupu. Kila jioni kuna vita ya zamu ya nani, na mara nyingi mimi ndiye ninayepiga kelele kuliko wote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo huu nilikuwa nimeuita mbegu ya ndimu. Niliona haya na nilimwonea huruma, nikachukua kikombe kimoja nikaanza kukikwangua kwa ukucha, mimi ambaye hulipwa nusu kwa kazi na nusu kwa maneno.

Simu yangu ikalia tukiwa hivyo. Alikuwa mwanawe. Yeye ndiye aliyenitafuta na kunituma kwa mama yake tangu mwanzo, kwa hiyo namba yangu alikuwa nayo. Alinisalimia kwa adabu, akauliza kama niko huko, halafu akashusha sauti.

"Fundi, usinifiche. Mbovu ni mashine, au ni mama?"

Ningesema mashine, angenunua nyingine kubwa zaidi, na hiyo ingechukua muda mrefu zaidi kujaa. Ningesema mama, angekuja kufunga mizigo. Na mama mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, kitambaa kimetulia mkononi, anasikia kila neno ninalosema.

"Mashine ni nzima na mama ni mzima," nikasema. "Mashine inakosa vyombo. Mama anakula peke yake, sahani moja inangoja nyingine mpaka inakauka."

Akasema ahsante, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba.

Nilitegemea Bibi Ukoko anishukuru. Hakunishukuru. Alisema nimemvua nguo. Mwanzo mwanawe alitaka kumhamisha kwa sababu ya macho, sasa atamhamisha kwa huruma, na huruma ina nguvu kuliko macho kwa sababu haipimwi hospitali. Nikakusanya vifaa vyangu haraka haraka, nikaaga, akaitikia bila kunitazama.

Shule zikafungwa, wakaja. Yaliyotokea niliyasikia baadaye kwa Bibi Ukoko mwenyewe. Siku hiyo ile meza ndefu ilipata watu wake. Wajukuu walikula, wakamwaga, wakabadilisha sahani bila sababu, na kabla jua halijageuka mashine ilikuwa imejaa mpaka mlango unafungwa kwa goti. Akaiwasha. Vilipotoka, vyombo vilimeta. Mwanawe alichukua sahani moja, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akakaa nayo mikononi muda mrefu kuliko sahani inavyostahili. Akauliza kwa nini hataki kuhamia kwao, na chumba kipo.

Akamjibu kwamba kule atakuwa mgeni wa kudumu, na mgeni hata kiu huiombea ruhusa. Hapa ni kwake. Kama atakuwa mpweke, basi awe mpweke ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mwana alifikiri. Si mtu mbaya, na mimi nisingependa mtu amwone hivyo. Ana kazi, ana watoto, ana barabara ndefu katikati. Mwisho akasema sawa, abaki, lakini kwa sharti moja. Siku atakayofungua kabati akakuta tena ukoko kwenye sahani, hakutakuwa na mjadala, atamchukua. Mama akakubali sharti. Wakaondoka kesho yake, wajukuu wakipunga mikono kwenye kioo cha nyuma.

Nilipita kule muda si mrefu baadaye. Nilikuwa na kazi nyumba ya jirani, na bisibisi yangu ndogo nilikuwa nimeisahau jikoni kwake siku ile nilipotoka mbio. Nikabisha, akanikaribisha kwa sauti kutoka ndani, nikapita mpaka jikoni. Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa kwenye sinki.

Mlango wa mashine ulikuwa wazi, na ndani yake sahani za wageni zimepangwa, safi na kavu. Ameifanya kabati. Bisibisi yangu ilikuwa juu yake, imefutwa vumbi. Nikamwamkia, akaitikia. Akaosha sahani, akaisuuza, akaisimamisha pembeni. Akaosha kijiko. Akaosha kikombe. Basi, vyombo vikawa vimekwisha, na maji ya moto yalikuwa bado hayajafika kwenye bomba. Akalifunga.

"Nimeshinda, fundi," akasema, akijifuta mikono. "Nyumba nimebaki nayo."

Nikamwambia hongera. Akasema mwanawe anapiga simu kila jioni kuuliza mashine inaendeleaje, naye anamjibu kwamba vyombo vinatoka safi kabisa, na huo si uongo. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Jirani alikuwa ananingoja na friji lake, lakini nilivuta kiti.

Akakichukua kile kikombe alichotoka kukiosha, bado kinadondosha maji, akanimiminia. Nilipomaliza akanyanyuka, nami bila kutaka nikatazama kabati la ukutani, vinamokaa vile vikombe vya maua ya buluu. Hakuufungua mlango wa kabati. Alinimiminia tena katika kikombe kile kile.