Pembe za Jike Ukutani

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye soko la mifugo la Sinaw, Alkhamisi asubuhi, nimemshika mbuzi sikio. Simu ililia, na jamaa yangu wa Ibra akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee wetu amefariki baada ya sala ya alfajiri na atazikwa adhuhuri. Nikamwachia mbuzi. Muuzaji, Mbedui aliyenizoea, alidhani nimemdharau mnyama wake, akaanza kumsifia ukoo mpaka kwa bibi zake. Tabia hii ya kushika sikio la mbuzi kabla ya kutazama kitu kingine nimeichukua kwa huyohuyo marehemu. Wengine hurithi mashamba ya mitende kwa wakubwa zao. Mimi nimerithi hiyo, na wachuuzi wa Sinaw hunicheka kila wiki.

Alizaliwa Unguja mjini, akaja huku Omani kijana baada ya mapinduzi, kama wengi wetu, na akaoa katika kijiji kilicho chini ya mlima, si mbali na Ibra. Wakwe zake walikuwa wawindaji. Zamani hizo, kabla serikali haijapiga marufuku, wanaume wa kijiji kile walikuwa wakipanda majabali kumfuata wa'l, mbuzi mwitu wa milima ya Omani, na pembe zake wakizitundika juu ya milango. Lakini walikuwa na mwiko wao: jike haguswi, wala dume kijana. Anayepigwa ni dume kongwe aliyekwishaacha watoto wa kutosha mlimani. Kwa hiyo kabla bunduki haijalia, lazima mtu mmoja akadirie pembe kwa macho, tena kutoka mbali, na wenzake wamwamini. Kazi hiyo ndiyo aliyopewa bwana huyu mgeni, na usiniulize ilikuwaje, maana pembe alizozijua utotoni ni za paa wa Unguja, ambazo hazizidi kidole.

Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alijifundisha kwa haja. Pale kijijini akiitwa Mzinjibari, jina lake wakilisahau. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na akifungua mdomo kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa, vijana huinamisha vichwa wasionekane wanacheka. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikaa miaka bila kupewa jembe, anapewa kahawa tu. Alipogundua kwamba ana jicho, aliling'ang'ania jicho hilo kwa nguvu zake zote. Njia yake ilikuwa nyepesi: sikio la wa'l halitofautiani sana baina ya mnyama na mnyama, basi ulipime pembe kwa sikio. Pembe ya jike hulipita sikio kidogo, na ya dume kongwe hufika masikio mawili na kuzidi. Akitamka "mawili na zaidi", shemeji yake mkubwa, kaka wa mkewe, anapiga. Hakukosea hata mara moja, mpaka siku aliyokosea.

Siku hiyo mnyama alikuwa amesimama nyuma ya jabali, kinaonekana kichwa tu, ubavu mmoja. Ndevu na manyoya ya shingo, ambayo ndiyo alama ya dume, yamefichika. Akatazama pembe, akatazama sikio, akasema mawili na zaidi. Shemeji akapiga. Walipofika walimkuta jike, ana mimba, na sikio lile la upande wao lilikuwa limekatika nusu, kovu la zamani, labda la chui wakati chui walipokuwapo. Pembe ilikuwa fupi. Kilichomdanganya ni kipimo chenyewe.

Hadithi hii alinihadithia tukiwa njiani, tumeshaupita mji wa Al Qabil. Hawakumtukana, alisema. Walimzika mnyama pamoja na kilichokuwamo tumboni mwake, maana hakuna aliyekuwa na hamu ya nyama ile. Usiku walipokaa kwenye kahawa, akaomba radhi mbele ya wote. Shemeji akamjibu kwa upole, na upole huo ndio aliolala nao maisha yake yote: "Wewe huna lawama, ya akhi. Kwenu hakuna pembe." Wakambadilishia mazungumzo, wakammiminia kahawa nyingine, na toka siku ile hakuna aliyemwita tena mlimani.

"Bora wangenipiga," aliniambia. "Mtu wao akikosea wanamgombeza. Mie walinsamehe kama mtoto wa jirani."

Pembe zile fupi alizichukua akazitundika kwenye majlisi yake Ibra, juu kabisa ya mahali pa kumkalisha mgeni wa hishima. Nilipokwenda kumwamkia shikamoo mara ya kwanza nilizicheka kimoyomoyo, nikaona mzee huyu kachagua vibaya. Kila aliyeuliza alipewa jibu lilelile: "Za jike. Aliyekadiria ni mimi." Wanawe walimsihi azitoe, wakamwambia zinamtia aibu. Aliwaambia kwamba aibu ile ni mali yake na hajampa mtu ruhusa ya kumpunguzia.

Nimefikiri sana juu ya maneno yale wiki hii, na yamenitia huzuni kuliko maziko yenyewe. Sisi tuliorudi nchi ya mababu tumepata mengi, sina sababu ya kukufuru neema. Tuna nyumba, tumesomesha, watoto wetu wako maofisini Nizwa na Sur, na Kiswahili chao kimebaki cha kuombea chai. Lakini wazee wetu walikadiriwa kutoka mbali, kichwa tu kikionekana nyuma ya jabali, na kipimo kilikuwa ulimi. Ulimi ulikuwa umekatika, kwa hiyo hesabu yote ikaenda kombo. Nasi pia tunawafanyia hivyo walio wageni kwetu leo. Tunawasamehe upesi, kwa sababu hatuwategemei kwa lolote.

Siku ya pili ya azaa, yaani matanga, aliletwa shemeji yule, mzee sana sasa, macho yamekufa, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Wakamkalisha pale pa hishima. Akauliza kama pembe bado zipo, akaambiwa zipo juu ya kichwa chake. Mtoto mkubwa wa marehemu akaanza kumtaka radhi kwamba zitatolewa karibuni. Mzee akainua mkono kumnyamazisha, akataka ateremshiwe. Akazipapasa polepole, ncha mpaka shina, kama anayetafuta kitu kilichompotea. Kisha akasema kwa Kiarabu, ukumbi mzima ukisikia, "Na mimi nilitazama. Niliona vilevile alivyoona yeye, ndipo nikapiga. Tulikosa sote, na yeye alikuwa mwenzetu." Baadaye akauliza kama marehemu aliwahi kuyataja maneno aliyoambiwa usiku ule. Mimi nilikuwa nalijua jibu, nikatazama kikombe changu.

Pembe zimerudishwa mahali pake, kwa amri ya mzee. Neno alilolisubiri bwana yule tangu ujana wake limesemwa kwa ufasaha, mbele ya mashahidi, kwenye nyumba yake mwenyewe, naye amelazwa chini ya mawe mawili nje ya mji. Basi ikiwa kuna mtu uliyemsamehe kosa ambalo na wewe ulikuwamo, mwendee leo hii angali anasikia, umwambie kwamba mlikosa pamoja.