Zamu ya Mama Kulwa Karashani

Mdogo wangu, kuna asubuhi moja sijaisahau, na sasa naweza kukusimulia bila kuinamisha uso. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kuandika programu, nikaomba kupanga zamu za wanaoleta mawe kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, njia ya Bulyanhulu. Wiki tatu nilihangaikia rangi ya vitufe. Majina niliyaweka kwenye hashi, ile hifadhi ambamo kila jina hubeba taarifa zake. Nikajaribu kwa majina matatu, yakatoka kwa mpangilio mzuri. Nikaridhika.

Siku ya kuanza, watu walikuwa kumi na wanane. Nikabonyeza simu yangu, orodha ikatoka, nikaanza kuita. Mmoja aliyejiandikisha mwisho kabisa, kofia ya pikipiki bado kichwani, akawa wa pili. Mama Kulwa, aliyefika kabla mashine haijawashwa, mgongoni ana mtoto wa kupeleka kliniki, akawa wa kumi na sita.

"Mwalimu wa kompyuta," akaniita, "hiyo simu yako hainijui au inanichukia?"

Watu wakacheka. Nilitamani kuingia shimoni. Nikajitetea kwamba majina yote yamo, hakuna lililopotea. Mzee Luhende, aliyesimamia foleni pale miaka yote bila karatasi, akanigusa bega.

"Tulia, mjukuu wangu. Mimi kila anayefika namuuliza: umemkuta nani? Wewe umewaandika wote. Umeandika nani alimkuta nani?"

Sikuwa nimeandika. Nilidhani hashi ingenitunzia foleni, kumbe katika lugha ya programu niliyotumia haikuwahi kuniahidi hivyo.

Mzee akawapanga kwa kuuliza tu, na Mama Kulwa akasaga wa kwanza. Mimi nikakaa juu ya kiroba, nikampa kila mtu namba ya kufika. Kisha nikachukua majina yote, nikayapanga kwa namba hizo, ndipo nikayapitia moja moja kwa sauti. Mzee akaisikiliza orodha hadi mwisho.

"Hapo sawa," akasema. Nikashusha pumzi.

Kwa hiyo nakuomba, ukipitia hashi, amua mwenyewe mpangilio unaoutaka na uuandike kwenye programu. Usiamini ule uliojitokeza kwa bahati ulipokuwa unajaribu. Na uwaulize mapema wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Mimi bado naogopa kukosea, ila siku hizi naogopa nikiwa nimeshauliza. Mungu akujalie kazi inayowafaa watu, na watu watakaokucheka bila kukufukuza.